Habari za Safari ya Kilema: Kihamba na Chungu cha Nyumbani

Twawaletea habari za safari yetu ya kwenda Kilema, katika nchi ya Wachagga, upande wa kusini-mashariki wa mlima Kilimanjaro. Tulikwenda makatekista watatu wa upande wa Korogwe, pamoja na mama mmoja, mke wa mwenzetu, ambaye katika mambo ya jikoni ana macho makali kutupita sisi sote. Hatukwenda kupanda mlima wala kutazama theluji. Sababu ya safari yetu ilikuwa chungu.

Maana katika vigango vyetu, tukienda kuwatazama wagonjwa na kusali nao, twakuta mambo mawili yanayorudi nyumba hata nyumba. La kwanza ni kilio cha bei ya vyakula: unga, maharage, mafuta, hata mchicha wa kununua fungu kwa fungu. La pili ni magonjwa ya kisukari na ya shinikizo la damu, ambayo zamani tuliyasikia kwa wakubwa wa mjini tu, na sasa yameingia hata katika nyumba za udongo. Na nyuma ya nyumba hizo hizo mara nyingi pana uwanja mtupu uliofagiliwa safi, usio na mpapai hata mmoja. Basi tulikuwa tumesikia ya kuwa Kilema watu wanakula kutoka uani mwao tangu mababu, tukasema, twende tukaone.

Tuliondoka Korogwe alfajiri kwa gari la abiria. Barabara yafuata bonde la mto Pangani, milima ikiwa upande wa kuume, kwanza Usambara, kisha Upare, na upande wa kushoto nyika pana. Katika mwanzo wa njia jicho laona mkonge, safu kwa safu, na mahali pengine pori lililokuwa mkonge zamani. Mmea huu si wa asili ya nchi yetu. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kwa miche hiyo 62 mashamba yalianza, yakaenea mpaka yakawa makubwa kupita vijiji.

Wengi wetu wa Korogwe ni wana na wajukuu wa watu waliotoka mbali kuja kukata mkonge. Wazee wetu walikaa kambini, wakapewa posho ya unga na maharage, wakapigiwa kengele ya kwenda kazini na kengele ya kurudi. Mtu wa posho hakuwa na haja kubwa ya bustani, wala mara nyingi hakuwa na mahali pa kuilima, kwa kuwa mkonge ulikuja mpaka mlangoni. Posho ile imekwisha zamani. Lakini desturi ya kungojea chakula kitoke mahali pengine, hiyo haikwisha, bali tumerithishana kama jina la ukoo. Twawaomba wasomaji waliweke neno hili akilini, kwa sababu huko mbele tutaona mmea mwingine wa kigeni ulioingia kwa namna nyingine kabisa.

Tulipita Mombo, Hedaru, Same na Mwanga, tukafika Himo jua likiwa kali na vumbi jingi. Hapo tukaiacha barabara kuu, tukashika njia ya kupanda. Haukupita muda mwingi hewa ikabadilika, hata mwenzetu mmoja akatafuta koti lake. Ukanda wa vihamba vya Wachagga uko hasa kati ya meta 1,000 na 1,800 juu ya bahari. Chini yake ni mashamba ya mahindi na maharage, na juu yake ni msitu wa mlima.

Kwanza hatukuona nyumba. Tuliona migomba tu, kisha tukasikia mbuzi, kisha tukanusa moshi. Mke wa mwenzetu akamwuliza kijana aliyekuja kutupokea, "Mwanangu, nyumba za watu ziko wapi?" Kijana akacheka kwa adabu, akasema, "Mama, umekwisha kuzipita nne."

Mwenyeji wetu ni mzee wa miaka themanini hivi, naye akatupitisha katika kihamba chake yeye mwenyewe, polepole, mkongojo mkononi. Kihamba ni ile ardhi inayoizunguka nyumba, iliyopokewa kwa baba, ambamo watu wanaishi, wanalima, wanafuga, na ambamo wazee wao wamezikwa. Chake hakifiki ekari mbili. Wataalamu walioandika habari za vihamba mwaka 1984 walipima wakaona ya kuwa kihamba cha kawaida kilikuwa hekta 0.68, yaani kama ekari moja na robo tatu, na ndani ya vihamba walihesabu aina za mimea zaidi ya 100. Tuliposoma hesabu hiyo tulidhani wametia chumvi. Tulipotembea na mzee tukaacha kudhani hivyo.

Basi kihamba kimejengwa kama nyumba ya ghorofa. Juu kabisa yako matawi ya mringaringa, na mruka, na mgrivea, nayo yanapunguza ukali wa jua na kuvunja nguvu ya mvua, tena yanatoa mbao na kuni. Chini yake iko migomba ya namna nyingi: mshare wa kupika, ndizi ng'ombe, na ndizi kisukari za kuiva. Chini ya migomba iko mibuni. Chini ya mibuni yako magimbi, maharage, maboga, mnavu na mboga nyingine, hata udongo hauonekani. Na viazi vikuu havikutaka ghorofa yao. Vimepanda juu ya miti kwa kamba zake, vikaenda kutafuta jua wenyewe. Penye njia uko mparachichi mmoja mkubwa, na chini yake watoto wameweka mawe ya kukalia. Mpakani imepandwa isale, mmea wa majani marefu ambao Wachagga wanauheshimu sana. Hutumika kuonyesha mpaka, na tena mtu aliyemkosea mwenziwe humpelekea jani lake kuomba amani. Twaona ni desturi njema, na Mkristo hana sababu ya kuionea haya.

Mzee hapandi vitu ovyo. Alituonyesha kila shina la mgomba limebakiwa na watatu tu: mama mwenye mkungu, binti aliyefika kifuani mwa mtu, na mjukuu aliyechipua karibuni. Wengine wote hung'olewa. "Ukiwaacha wakawa kumi," akasema, "wote watakula, na hakuna atakayezaa." Mkungu ukikatwa, shina lake hupasuliwa, na ng'ombe hupewa sehemu yake, na sehemu nyingine hutandazwa chini ili kuhifadhi unyevu. Majani makavu hufunika udongo. Tulitafuta mahali palipotupwa takataka, hatukupaona, isipokuwa shimo dogo la vyupa na karatasi za nailoni, na mzee akatuambia ya kuwa hata shimo hilo halikuwapo alipokuwa mtoto.

Maji nayo yana habari yake. Mababu wa Wachagga walichimba mifereji iitwayo mifongo, wakayatoa maji katika makorongo ya mlima, wakayaongoza ubavuni mwa vilima mpaka katika vihamba, bila ya saruji na bila ya chombo cha kupimia ila macho na maji yenyewe. Kila mfongo una watu wake na zamu yake, na asiyekwenda kuuzibua siku ya kazi hutozwa faini. Siku hizi baadhi ya mifongo imekauka au imeachwa, kwa kuwa watu wana mabomba, na vijana wa kuizibua ni wachache. Ule wa mwenyeji wetu bado watiririka, lakini zamu iliyokuwa ya siku sasa ni ya saa chache.

Sasa tuseme habari za ng'ombe, maana hapo ndipo ilipo siri, kama iko siri. Mzee ana ng'ombe wawili wa maziwa na mbuzi watano, na wanyama hao hawaendi machungani hata siku moja. Hukaa bandani, chakula kikaletwa. Kila asubuhi samadi hukusanywa pamoja na nyasi walizolalia, ikarundikwa kivulini ikaoza, kisha hupelekwa kwenye migomba. Mgomba humlisha ng'ombe, na ng'ombe humlisha mgomba, na mtu yuko katikati akinywa maziwa na kula ndizi. Udongo ule umelimwa vizazi vingi kwa namna hiyo, na bado tuliuchukua mkononi ukawa mweusi, laini, wenye harufu ya mvua. Sisi kwetu tuna mbuzi wanaozurura barabarani, samadi yao ikakaukia njiani, kisha twanunua mbolea ya mfuko.

Lakini hatutaki kuwapambia wasomaji picha isiyo na doa. Majani ya kuwalisha wanyama hao hayatoshi kihambani, basi mengi hukatwa mashambani chini na kupandishwa mlimani, nao wanaoyapandisha kwa kichwa ni wanawake. Tulikutana nao njiani jioni, mzigo mkubwa kuliko mwenyewe, shingo imekaza. Mke wa mwenzetu akahesabu wanawake tisa, na mwanamume mmoja, naye alikuwa na pikipiki. Jambo hilo alilisema mezani mbele ya wenyeji bila kupunguza neno, na wazee wakatazama sahani zao.

Kuhusu meza, tulikaa siku nne, nasi twaweza kueleza kwa uhakika. Asubuhi tulikunywa uji wa ulezi na maziwa. Mchana tulipewa kiburu, yaani ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, na mnavu pembeni. Siku ya pili yalikuwa magimbi na parachichi. Siku ya tatu, kwa heshima ya wageni, ulipikwa mtori wa ndizi na nyama, ambao Wachagga humpa mama aliyejifungua ili apate nguvu. Jioni tulikunywa chai ya mchaichai uliokatwa nyuma ya jiko. Nyama tuliila mara moja tu katika siku hizo nne, na hakuna aliyeondoka mezani na njaa.

Mke wa mwenzetu akamwomba mama wa nyumba amhesabie vitu anavyonunua dukani. Mama akafikiri, akavitaja kwa vidole: chumvi, sabuni, viberiti, mafuta kidogo, sukari ya wageni. Mchele hununua sikukuu. Mahindi hutoka shambani kwao chini. Yai moja moja huuza kwa jirani, na maziwa yanayobaki hupelekwa kwa wanunuzi kila asubuhi, na kwa fedha hizo hununua hayo aliyoyataja. Ndipo wote wawili wakakaa kuhesabu vya kwetu Korogwe, navyo vilipita vidole vya mikono miwili: unga, maharage, dagaa, mafuta, sukari, majani ya chai, mkate, mchicha, nyanya, vitunguu, ndimu, mkaa, na soda ya watoto Jumapili. Katika hivyo, mama wa Kilema akasema, vinane vyaweza kuota. Sisi wanaume tulikuwa kimya.

Haifai mtu adhani ya kuwa mlimani hakuna ugonjwa. Shinikizo la damu lipo, na kisukari kipo, hasa kwa wale wanaorudi kutoka mijini na desturi za mijini, soda na mikate na kukaa kitini mchana kutwa. Bali mzee wetu, katika umri wake, hupanda na kushuka kihamba mara nyingi kila siku, hula mboga za majani kila siku, na sukari haitii katika chai. Mambo hayo matatu ndiyo yale yale ambayo wauguzi wetu wa zahanati hutuhubiria kila mwezi, nasi huitikia ndiyo, tukarudi nyumbani kunywa chai tamu kama asali. Jambo la nne ambalo hatukulipenda ni mbege, pombe yao ya ndizi na ulezi, ambayo wengine huinywa mapema mno na nyingi mno. Ndizi zilizokwenda katika pombe hazikwenda kwa watoto. Tulilisema hilo kwa upole, kwa kuwa tulikuwa wageni, na kwa kuwa kwetu nako kuna pombe zetu.

Sasa turudi katika mmea wa kigeni tulioutaja. Misheni ya Kilema ilianzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1890, na huko ndiko kahawa ilikopandwa na wamisionari hao yapata mwaka 1898. Wachagga walipoanza kuilima wenyewe, hawakukata migomba ili kuipa nafasi. Waliiingiza chini ya migomba, kama mgeni anayepewa kitanda katika chumba cha watoto. Kahawa ikapata kivuli, migomba ikabaki mahali pake, na chungu hakikupungua. Mwaka 1925 wakulima walifanya chama chao, na mwaka 1933 kikatokea chama kikuu cha ushirika, KNCU, na kwa fedha za kahawa shule nyingi zilijengwa na watoto wengi wakasomeshwa. Mkonge uliingia katika nchi yetu, na kahawa ikaingia Kilema, kwa kama miaka mitano tu ya tofauti, zote mbili kwa ajili ya soko la ng'ambo. Mmoja ulimwondolea mtu bustani yake, na mwingine uliingia katika bustani ya mtu. Bei ya mkonge ilipoanguka, watu wa kambini walishika matumbo. Bei ya kahawa ilipoanguka, baada ya mwaka 1989, Wachagga walihuzunika sana, ada za shule zikawa taabu, wengine wakang'oa mibuni yao. Lakini walihuzunika huku wakila ndizi.

Tusifikiri ya kuwa mambo yao yamekaa salama. Siku ya tatu ya kukaa kwetu, watu wa nyumba ile walikutana, nasi tukaombwa kukaa, kwa kuwa katika mambo ya nyumba shahidi mgeni hasemi uongo kwa faida yake. Mzee ana wana wanne. Wa kwanza alikwisha kupewa sehemu yake, wa pili yuko Arusha, wa tatu Dar es Salaam. Mwana wa mwisho, ambaye kwa desturi ya Wachagga ndiye anayerithi nyumba ya baba, amekaa nyumbani na mkewe na watoto watatu. Huyo alitaka kung'oa nusu ya kihamba, upande wa chini uliopakana na barabara, ajenge vyumba vinane vya kupangisha.

Wasomaji wasimhukumu upesi. Alisema kwa adabu, tena alisema kweli. "Baba, kahawa yaleta fedha mara moja kwa mwaka, na ada yadaiwa mara kwa mara. Mibuni yetu ni mizee, na chulebuni yaiharibu kila msimu, na mrututu wa kunyunyizia ni ghali. Kaka zangu waja Krismasi, wala ndizi, wapiga picha na migomba, waondoka Januari. Mimi ndiye ninayebaki na jembe." Maneno hayo yalituchoma. Kweli, mwezi wa Desemba Wachagga hurudi kwao kutoka miji yote, barabara zikajaa magari, na vihamba vikajaa vicheko. Na kweli pia ya kuwa mwezi wa Februari kihamba huwa na wazee wawili na mtu mmoja mwenye jembe.

Mzee hakukasirika. Akasema, "Ukitaka kujenga, nenda kwanza ukaing'oe isale niliyoipanda na babu yako, kisha urudi uniambie kama mkono wako haukutetemeka." Kijana akanyamaza. Ndipo mama, ambaye alikuwa akimenya ndizi muda wote bila kuinua uso, akauliza, "Na mwezi ambao vyumba vimekosa wapangaji, mwanangu, tutapika matofali?" Watu wakacheka, hata kijana mwenyewe, lakini shauri halikwisha siku ile. Liliahirishwa mpaka Krismasi, wana wote wawepo.

Sisi tuliondoka tukiwa na wasiwasi, tukawaweka watu wale katika sala zetu. Mwezi wa kwanza tulipigiwa simu. Walikubaliana kujenga vyumba vitatu tu, pembeni kabisa mwa barabara, mahali ambapo migomba haikuwahi kustawi kwa ajili ya mawe. Ndugu wa Arusha na wa Dar es Salaam wakakubali kulipa ada ya mtoto mmoja mmoja kila mwaka, ili mdogo wao asibebe peke yake kazi ya kutunza kihamba wanachokiita chao. Na mibuni mizee itang'olewa safu kwa safu, ipandwe miche mipya ya kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo, ambayo haishikwi kwa urahisi na chulebuni wala kutu ya majani. Twaona wameamua vizuri, ingawa mke wa mwenzetu asema hakusikia neno lo lote juu ya nani atakayepandisha majani ya ng'ombe.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilivitia vihamba vya Shimbwe Juu, upande wa Uru katika mlima huo huo, katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia. Ni heshima kubwa. Lakini orodha haimwagi samadi, na maisha ya kihamba yatategemea nyumba kama hiyo tuliyoieleza, na mabaraza kama hilo tulilolisikiliza.

Je, sisi wa tambarare tulileta nini? Mlima hauchukuliki katika kikapu. Kwetu joto ni jingi, mvua haitegemeki, na mfongo hatuna. Kahawa yao haitafaa kwetu. Hata machipukizi ya migomba hatukuyachukua, ingawa tulipewa kwa moyo mweupe, maana magonjwa ya migomba husafiri katika shina na katika udongo, nasi hatukutaka kuwaletea jirani zetu balaa. Tulichukua mbegu za mnavu zilizofungwa katika jani kavu la mgomba, na akili.

Tumeanza kwa ndizi, tukitwaa machipukizi ya upanga, yaani yale membamba yenye majani kama kisu, katika mashina mazima ya hapa hapa kwetu. Chipukizi humenywa mizizi yote na ngozi ya chini mpaka liwe jeupe, ili lisichukue fukusi. Shimo huchimbwa futi tatu kwenda chini na futi tatu upana; udongo wa juu huwekwa upande mmoja na udongo wa chini upande mwingine. Udongo wa juu huchanganywa na madebe mawili au matatu ya samadi iliyooza, ukarudishwa kwanza shimoni, na shimo haliachwi likajaa hata ukingoni, ili lipokee maji. Kutoka shimo hata shimo ni hatua nne za mtu mzima. Tumechimba mashimo karibu na mahali pa kuogea na pa kuoshea vyombo, maji yale yakaongozwa kwa mfereji mdogo, ambao watoto wameupa jina la mfongo. Maji yenye dawa kali za kufulia twayamwaga mbali.

Mahali pasipo maji tumepanda mbaazi na mipapai, na mihogo ambayo majani yake ni kisamvu. Mlonge umewekwa katika ua badala ya fito kavu, kwa kuwa ua wenye majani huliwa na fito kavu huliwa na mchwa. Mnavu na mchicha tumeupanda kivulini mwa mipapai, ukafunikwa nyasi kavu. Mbuzi wamefungiwa, na hapo palikuwa na maneno mengi, kwa sababu mbuzi wa kufungwa anataka mtu wa kumletea majani. Katika nyumba zetu tulikubaliana, kabla ya kujenga banda, ya kuwa wanaume na wavulana watakwenda kukata majani siku tatu za juma. Mke wa mwenzetu ameiandika zamu hiyo, akaibandika jikoni.

Nyumba saba za kigango chetu zimeanza. Mbili zilipoteza mboga zote kwa kuku, nazo zimeanza tena baada ya kuzungusha uzio. Nyumba moja haijanunua mchicha tangu mwezi wa tatu. Hatujaona mkungu bado, nao hautakuja kabla ya mwaka kutimia au kupita.

Machipukizi yaliyokwisha kumenywa yako nyuma ya kanisa la kigango, kivulini, yamefunikwa majani. Wapendao waje Jumamosi baada ya mafundisho, kabla ya mvua kubwa, wakiwa wamekwisha kuchimba mashimo yao. Kila nyumba itapewa mawili, na kila mtu aje na gunia lake.